KUTAFUTA KAZI NI KAZI



Katika mwezi wa Juni, mwaka 2014, vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ili wasailiwe. Walikuwa wakigombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Yaani kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 140. Aliyeiona hadhara ile imeketi uwanjani kana kwamba ni siku ya mpira, alikuwa na haki ya kuvunjika moyo.

Wengi wakisikia hesabu ya namna hii husema kwamba kazi ni bahati, tena ni kujuana. Basi huandika barua moja, wakatoa nakala thelathini, wakazitawanya mjini, kisha wakakaa barazani kungoja majibu. Sisi hatuwacheki, kwani kungoja huchosha kuliko kulima. Lakini twaona ya kuwa nguvu zao wameziweka pasipo mahali pake.

Tangazo lisomwalo na watu wote huvuta watu wote. Ziko nafasi nyingine ambazo hujulikana kwanza na watu wachache, nazo hazipatikani ila kwa kutembea na kuuliza. Bwana Mark Granovetter, mtaalamu wa Kimarekani, aliwauliza watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi zao, akazitoa habari hizo katika kitabu mwaka 1974. Zaidi ya nusu walikuwa wamezipata kwa njia ya mtu waliyemjua. Ajabu ni hii: katika hao, walioambiwa na mtu wa kuonana naye mara kwa mara walikuwa kama 17 tu katika kila 100. Waliosalia waliambiwa na watu waliowaona mara moja moja, au kwa nadra sana.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ndugu yako, na rafiki mnayeketi naye baraza moja, husikia yale yale uyasikiayo wewe. Lakini yule mliyesoma naye zamani, ambaye sasa yuko Tanga, au fundi uliyemsaidia siku mbili kupakia mbao, ana habari za mahali usipofika. Kumwendea ni taabu: kuna nauli, na kuna haya. Hapo ndipo juhudi ya kweli inapotakiwa. Wala hatusemi uombe upendeleo. Omba habari tu.

Habari ikisha kupatikana, barua nayo iandikwe kwa ajili ya kazi ile. Aombaye utunzaji wa bohari asiseme tu kwamba ana bidii, maana hakuna asemaye kuwa ni mvivu. Aeleze magunia aliyoyapokea, daftari alilolitunza, na muda aliokaa pasipo upungufu kuonekana. Tumepata kusoma barua moja nzuri mno, ila ilitaja ofisi nyingine: mwandishi alisahau kubadili jina. Iliwekwa kando, na hata leo twamsikitikia.

Yafaa pia kuandika mahali siku uliyopeleka barua, na jina la aliyeipokea. Baada ya majuma mawili rudi ukaulize kwa adabu. Ukiambiwa nafasi imekwisha kujazwa, uliza neno moja zaidi kabla hujaondoka: je, ni nani mwingine katika mji huu afanyaye kazi kama hii?