Kinga ya Meno kwa Mtoto Mwanamichezo: Ipi Inafaa Pesa Yako Ukiwa Magamba

Ratiba za mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, hazimsubiri mzazi auze viazi kwanza. Kama mwanao yumo kwenye timu ya shule, na anachezea viwanja vyetu vya huku milimani vyenye mteremko na mawe, amua mapema. Kwa watoto wengi inayofaa ni kinga ya kuchemsha na kung'ata. Ile ya bei ya chini kabisa iache dukani. Ya kupimwa na daktari ni ya wachache, na nitawataja.

Ya bei ya chini huja imeshaumbwa, unaitoa kwenye pakiti na kuivaa. Tatizo ni kwamba hailingani na mdomo wa mtu yeyote. Mtoto analazimika kubana meno muda wote isidondoke, hawezi kumwita mwenzake ampe pasi, anapumua kwa shida. Kipindi cha pili kikianza utaikuta mfukoni, na ikiwa mfukoni haikingi kitu.

Ya kuchemsha na kung'ata ni plastiki inayolainika kwenye maji moto. Mtoto anaiweka mdomoni, anang'ata, ananyonya ili ishike umbo la meno yake. Ya tatu hutengenezwa na daktari wa kinywa na meno: anachukua chapa ya meno, anamwaga plasta kupata mfano, kisha kinga inafinyangwa juu ya mfano huo. Inakaa vizuri kuliko zote na ndiyo ghali kuliko zote.

Ghali kiasi gani? Marekani ya kuchemsha huuzwa kama dola 10 hadi 30, na ya daktari aghalabu huvuka dola 100. Usizigeuze kuwa shilingi, maana Kariakoo ina bei zake na muuzaji wa mtandaoni ana zake. Chukua uwiano tu: kwa bei ya moja ya daktari unapata kadhaa za kuchemsha.

Halafu kuna gharama ambazo hakuna anayekutajia. Kinga ya daktari haipatikani kwa safari moja. Unakwenda kuchukuliwa chapa, unarudi kuijaribu. Ukifuata huduma hiyo Tanga au Moshi, ni mtoto na mzazi, kwenda na kurudi, mara mbili: nauli nane, na kwanza mteremke hadi Mombo. Ongeza chakula, siku za shule zilizopotea, na pengine malazi. Kabla hujaondoka, piga simu uulize bei yote kwa pamoja: kumwona daktari, chapa, kinga yenyewe na marekebisho. Ukitajiwa bei ya kinga peke yake, bado hujatajiwa bei.

Ya kuchemsha nayo ina gharama zake. Ukiagiza Dar es Salaam unalipa ada ya kutuma pesa, mzigo wa basi, na bodaboda kutoka Lushoto mjini. Tuseme kinga ni shilingi 15,000 na hayo mengine 9,000: umeshalipa 24,000 kwa mtoto mmoja. Wazazi kumi wakiagiza pamoja, mzigo wa basi na ada ya kutuma hugawanywa kwa kumi. Mwalimu wa michezo akusanye majina na umri, au mpeni mtu anayeshuka na mboga kwenda Dar awanunulie. Muuzaji aulizwe mambo mawili kabla ya kulipwa: kama ni saizi ya watoto, na kama anapokea iliyorudishwa pakiti ikiwa haijafunguliwa. Ya mtu mzima ukimpa mtoto wa miaka kumi inaweza kumtia kichefuchefu.

Maelekezo ya kwenye pakiti yafuateni, ila jueni kwamba huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa mwinuko wetu ni kama 94 au 95. Plastiki hiyo italainika tu. Hakuna haja ya kuiacha sufuriani muda mrefu mpaka iharibike. Na mtoto asing'ate kwa nguvu zote, kwa sababu akiiminya sana inabaki nyembamba mbele, pale pale kiwiko kinapotua.

Kudumu kwake kunategemea umri. Mtoto wa miaka saba hadi kumi na mbili bado anabadilisha meno, kwa hiyo hata ile ya daktari inaweza kumbana baada ya miezi michache. Hapo ndipo ninapoona kuwa kumtengenezea ya gharama ni kumwaga pesa. Ya daktari inamfaa bondia, mwenye waya za kunyoosha meno, au aliyemaliza kukua na meno yake ya juu yamechomoza sana. Yoyote utakayonunua, ioshwe kwa maji baridi, iwekwe kwenye kopo lenye matundu, isiachwe juani, na ndugu wasiazimane.

Usidanganywe na muuzaji anayesema inazuia mtikisiko wa ubongo. Unachonunua ni kinga ya meno, midomo na ulimi.

Kwa nini basi uitoe hiyo pesa? Kwa sababu jino la mbele la ukubwani likipotea utotoni, kwa kawaida halipati mbadala wa kudumu mpaka taya limalize kukua. Katikati hapo mara nyingi ni jino la bandia la kuvaa na kuvua, linalobadilishwa kadiri mtoto anavyokua.

Na kama hata ya kuchemsha haipatikani kabla ya mechi, timu iwe na kopo safi lenye mfuniko na maziwa mabichi au ya pakiti, si mtindi. Jino la ukubwani likitoka zima, lishikwe sehemu nyeupe, si mzizi. Lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye tundu lake, mtoto ang'ate kitambaa safi. Ikishindikana, litiwe kwenye maziwa. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Jino la utoto halirudishwi. Mmoja aite bodaboda, mwingine apige simu Lushoto kuuliza kama mtaalamu wa meno yupo leo.