Kinachoamua maisha ya mgonjwa wa moyo dhaifu Kibera

Mtu akianza kuvimba miguu, kuhema baada ya hatua chache na kushindwa kulala bila kuegemea mito, wengi katika vijiji vya Kibera kama Gatwekera, wadi ya Sarang'ombe, hudhani ni uchovu, pumu au uzee. Huenda ikawa ni moyo uliodhoofika. Moyo huo haujasimama, ila hauna tena nguvu za kusukuma damu inayohitajika mwilini, na maji hubaki mapafuni na miguuni.

Hata katika nchi tajiri, takriban nusu ya wanaopatikana na ugonjwa huu hufariki ndani ya miaka mitano. Barani Afrika hali ni mbaya zaidi. Utafiti wa kimataifa wa INTER-CHF, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia wagonjwa 5,823 katika nchi 16. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 34 ya wagonjwa wa Afrika walikuwa wamefariki, ilhali nchini China waliofariki walikuwa asilimia 7 pekee. Watafiti walipozingatia umri, ukali wa ugonjwa na dawa walizotumia wagonjwa, pengo hilo bado halikuzibika.

Wanaougua huku pia si wazee. Utafiti mwingine, THESUS-HF, ulihusisha wagonjwa 1,006 katika mataifa tisa ya Afrika, Kenya ikiwemo, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2012. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani, chanzo kikuu ni kuziba kwa mishipa ya moyo. Katika utafiti huu, chanzo hicho kilipatikana kwa chini ya asilimia 8 ya wagonjwa. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, ndilo lililoongoza kwa takriban asilimia 45. Waliosalia ni pamoja na wale ambao vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na akina mama ambao moyo hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Mama wa aina hiyo huhitaji ushauri wa daktari kabla ya kubeba mimba nyingine, maana inaweza kumuua.

Presha haina dalili, na hapo ndipo miaka mingi hupotea. Uchunguzi uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa nayo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima walisema hawajawahi kupimwa. Kwa hivyo wengi hufika hospitalini moyo ukiwa tayari umetanuka.

Hata hivyo, dawa zinazorefusha maisha zipo, na nyingi si ngeni wala si za bei ya kutisha. Mwaka 1987 ilithibitishwa katika nchi za Skandinavia kwamba enalaprili hupunguza vifo kwa wagonjwa mahututi wa moyo. Mwaka 1999, dawa za kutuliza mapigo ya moyo zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja, na spironolaktoni ikapunguza kwa asilimia 30. Moyo unapochoka, mwili hujibu kwa kubana mishipa na kuhifadhi chumvi, jambo ambalo huuchosha zaidi. Dawa hizi huvunja mzunguko huo.

Utata hutokana na dawa nyingine, ya kukojoza, iitwayo furosemidi. Hiyo huondoa uvimbe kwa siku chache tu na mgonjwa hupata nafuu kubwa. Lakini haijathibitishwa kwamba peke yake inarefusha maisha. Zile zinazorefusha maisha hufanya kazi polepole, bila mgonjwa kuhisi lolote, na ndizo za kwanza kuachwa fedha zinapopungua. Si ajabu: kibarua anayelipwa kwa siku ataona tembe za mwezi mzima ni anasa ilhali miguu imenywea. Jijini London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti waliwaachisha dawa wagonjwa 25 ambao mioyo yao ilikuwa imepona kabisa machoni pa vipimo. Katika miezi sita, 11 walikuwa wamerudiwa na ugonjwa.

Hatari nyingine huuzwa katika duka la dawa. Tembe za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zinunuliwazo bila cheti cha daktari kwa mgongo au magoti, huufanya mwili ushike chumvi na maji na huumiza figo. Mgonjwa wa moyo anayezimeza anaweza kulazwa baada ya siku chache. Chumvi nyingi chakulani huleta madhara yayo hayo.

Mambo mengine yanayopunguza umri yalibainishwa Dar es Salaam, ambako wagonjwa 427 walifuatiliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Waliokuwa na upungufu wa damu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio au figo dhaifu walikufa mapema zaidi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa waliokosa elimu, jambo ambalo hakuna tembe inayoliponya.

Kwa mkazi wa Sarang'ombe, umbali si kisingizio kikubwa, kwani Hospitali ya Mbagathi na ile ya Kitaifa ya Kenyatta ziko karibu. Tatizo ni kurudi kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), lililotibu presha na kisukari bila malipo Kibera, lilikabidhi huduma zake kwa serikali mwaka 2017. Bima ya NHIF nayo ilibadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) Oktoba 2024, na asiye na ajira ya kudumu hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima.

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wanaozuru nyumba wakiwa na mashine ya kupima presha na mzani. Mzani huo una kazi yake hapa: mgonjwa wa moyo akiongezeka kilo mbili kwa siku tatu, hayo ni maji, na anafaa kufika kliniki kabla pumzi haijakatika.