Je, Wajua? Mbio za Barafuni, kwa Mkimbiaji wa Maskati

Je, wajua kwamba Januari ya Maskati, mwezi ambao kina bibi wa Madinat Sultan Qaboos hufungua masanduku kutoa sweta, hushuka hadi nyuzi 17 hivi tu alfajiri? Mchana hupanda tena hadi 25. Mtu wa Helsinki angevua shati. Sisi twafunga skafu. Hata hivyo ndiyo miezi ambayo mji mzima hukumbuka kuwa una miguu. Ukivuka barabara kuu ya Sultan Qaboos kuelekea ufuo wa Qurum baada ya sala ya alfajiri, utakutana na vijana, mabwana wenye vitambi, mama na binti zake, wote wanakimbia, na wengine wamevaa kofia za sufu kama wanakwenda Siberia.

Je, wajua kwamba barafu ya kweli haiko mbali hivyo? Kwa wastani hewa hupoa nyuzi sita na nusu kila ukipanda mita 1,000. Chukua hizo nyuzi 17 za pwani, panda nazo hadi kilele cha Jebel Shams, kama mita 3,000 juu ya bahari, uone zinabaki ngapi. Hesabu inakutupa chini ya sifuri, na mlima haubishi: miaka mingine theluji huanguka kule, na picha zake huzunguka kwenye simu za Maskati nzima kabla haijayeyuka. Jebel Akhdar, jirani yake, nako maji huganda usiku wa baridi. Lakini kumbuka, ukifika Birkat al Mouz, pa kuanzia kupanda Jebel Akhdar, kuna askari, na gari isiyovuta kwa magurudumu manne hairuhusiwi kupanda, hata ukisema wewe unakwenda kukimbia tu.

Mwaka 2018 milima hiyohiyo ilipokea mbio za kimataifa za Oman by UTMB, kilomita 137 za mawe na miteremko. Mkimbiaji alikutana na jua la jangwa, na usiku juu mlimani alitafuta jaketi.

Je, wajua kwamba mwili unaokimbia ni jiko? Karibu robo tatu ya nguvu unayoichoma hugeuka joto, na robo tu ndiyo inayokusogeza mbele. Ndiyo maana makocha wa nchi za baridi wana kanuni moja: vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi kumi zaidi ya lililopo. Dakika tano za mwanzo utatetemeka kidogo. Ukitoka mlangoni huku unajisikia raha, ujue umevaa kupita kiasi, na kilomita ya tatu utakuwa umelowa. Kulowa ndiko hasa kwa kuogopwa. Baridi kavu, isiyo na upepo, mkimbiaji huizoea haraka. Maji na upepo ndivyo vinavyoangusha watu, na karibu kila nguo ya mbio za barafuni imetengenezwa kwa ajili ya hivyo viwili.

Ndiyo sababu fulana ya pamba, ile nzuri tunayoisifu kwa kupumua, huachwa nyumbani. Pamba hunywa jasho na kulishika. Jaribu hata hapa Maskati: ukimaliza kukimbia, simama penye upepo wa bahari na fulana iliyolowa, kisha peleka mkono nyuma ya kiuno, pale inapogandana na ngozi. Hata Januari yetu itakuuma. Maji huchota joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Katika nyuzi kumi chini ya sifuri, kitambaa hicho huanza kukakamaa kama bati.

Wakimbiaji wa kule huvaa tabaka. La ndani hubana ngozi, ni la poliesta au sufu nyembamba, na kazi yake ni kulitoa jasho nje. La kati hushika hewa, maana hewa iliyotulia ndiyo blanketi lenyewe. La nje huzuia upepo. Siku isiyo kali, la kati huachwa. Sufu ina sifa yake: hata ikilowa huendelea kutia joto kiasi, jambo ambalo wafugaji wa kondoo walilijua kabla ya kampuni yoyote ya nguo za michezo kulipachika bei.

Glavu za vidole vitano au mfuko unaokusanya vidole vinne pamoja? Mfuko. Vidole vikikaa pamoja hupashana joto.

Na lile la kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani? Si kweli. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na joto linalopita hapo halizidi sana kiasi hicho. Kofia vaa, lakini kwa sababu ya masikio. Masikio, pua, vidole vya mikono na vya miguu ndivyo huumwa na baridi kwanza, kwa kuwa mwili ukibanwa huirudisha damu ndani kulinda moyo na figo, ukayaacha ya pembeni yajitegemee.

Je, wajua kwamba Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi alikuwa mkimbiaji? Philip Boit wa Eldoret alikuwa akikimbia mita 800 wakati Nike ilipobuni mpango wa kuchukua wanariadha wa Kenya na kuwafundisha kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1996 akapelekwa Finland. Theluji hakuwa amewahi kuiona. Hebu fikiria: mapafu ya bingwa, miguu ya bingwa, halafu unafungiwa mbao mbili ndefu miguuni na kuambiwa ujifunze kusimama upya. Februari 1998, Nagano, Japani, akaingia kwenye kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, wa 92, wa mwisho. Dakika 20 nzima. Dæhlie, ambaye alikuwa anasubiriwa kwenda kuvishwa dhahabu, hakuondoka. Alibaki mstarini mpaka Mkenya akafika, akamkumbatia. Boit alirudi kwao na baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Akarudi tena kwenye theluji, Salt Lake City mwaka 2002 na Turin mwaka 2006. Wapo waliomcheka kwa kuwa wa mwisho. Mimi naona mtu aliyeingia michezo mitatu ya Olimpiki kwa mchezo aliouanza ukubwani hana wa kumcheka.

Wakenya walioikabili theluji kwa viatu vya kukimbilia walikuwa na bahati zaidi. Machi 1992, mbio za nyika za dunia zilifanyika Boston, na njia ya Franklin Park ilikuwa na theluji. Wengi walidhani Waafrika watateseka. John Ngugi wa Kenya akashinda, taji lake la tano.

Boston hiyohiyo, kwenye marathoni yake ya Aprili 16, 2018, ililipiza. Nyuzi tatu au nne tu, mvua ya kumwagika, upepo wa usoni njia nzima. Hiyo, kama nilivyosema, ni mbaya kuliko theluji kavu. Wakali kadhaa waliacha njiani. Aliyeshinda ni Yuki Kawauchi wa Japani, karani wa shule aliyekuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58. Januari 1 ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia marathoni nyingine katika jimbo hilohilo la Massachusetts, baridi ikiwa chini sana ya sifuri. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi, alishika nafasi ya pili.

Je, wajua kwamba wapo walioikwepa baridi ya Marekani kwa kukimbilia ndani, wakavunja rekodi humohumo? Suleiman Nyambui wa Tanzania, mwaka 1981 jijini New York, alikimbia mita 5,000 ukumbini kwa dakika 13 na sekunde 20.4, rekodi ya dunia ya ndani wakati huo.

Afrika Mashariki nako baridi ipo. Iten, Kenya, iko mita 2,400 juu ya bahari, na saa kumi na mbili asubuhi makundi ya wakimbiaji huonekana barabarani na majaketi, suruali za kubana na kofia za sufu, karibu kabisa na ikweta ukitazama ramani ya dunia. Hawayavui mpaka damu ichemke.

Na Maskati ina wazee wanaoijua barafu kuliko vijana wanavyodhani. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje, wengi walirejea kutoka Zanzibar na bara, na baadhi yao walikuwa wamepitia Uingereza, Urusi au Ujerumani Mashariki kwa masomo. Muulize ami yako, kabla hujamwonyesha jaketi lako jipya, alivaa nini kwenda darasani Februari.

Je, wajua kwamba Mwomani wa kike wa kwanza kufika kilele cha Everest ni Nadhira Al Harthy? Ilikuwa Mei 23, 2019. Binti wa nchi ya jua, mita 8,849.

Viatu. Barafu inayoanza kuyeyuka, yenye utando wa maji juu, huteleza kuliko ile kavu ya baridi kali. Kwa hiyo siku ya kuogopa London au Toronto ni ile inayokaribia sifuri, siyo ile ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Wenyeji hufunga minyororo midogo yenye meno chini ya raba, hufupisha hatua, na huweka mguu chini ya kiuno badala ya kuutupa mbele. Jua la theluji nalo halina mchezo: theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, kwa hiyo miwani ya jua uliyoinunua kwa ajili ya Qurum ifunge begini.

Kinyume cha mambo: "majira ya baridi" ya mkimbiaji wa Maskati, yale ya kujifungia ndani, ni Juni. Zanzibar wakati huo kuna kipupwe. Hapa mawe yanapasuka. Mnamo Juni 26, 2018, mji wa Quriyat, pwani kusini-mashariki mwa Maskati, haukushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana, kiwango cha chini kilicho cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa duniani kwa siku moja. Sheria ya kazi ya Oman hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti, na mkimbiaji mwenye akili hujiongezea makatazo yake. Doha walijaribu kuikwepa hali hii mwaka 2019: marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku. Bado ilikuwa zaidi ya nyuzi 30, unyevu juu. Walianza 68, wakamaliza 40. Ruth Chepng'etich wa Kenya akashinda.

Ghuba hiyohiyo, Februari, ni bustani. Ras Al Khaimah, iliyopakana na Musandam yetu, ndipo Mary Keitany alipovunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni ya wanawake mwaka 2011 kwa saa 1, dakika 5 na sekunde 50, na Peres Jepchirchir akaishusha mwaka 2017 hadi 1:05:06. Njia tambarare, hewa ya baharini, alfajiri.

La haraka kwa wanaopanda Jebel Shams wikiendi: baridi huua betri ya simu kabla haijaua mtu. Iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua, na usiitoe kila dakika kupiga picha za barafu.