Simu Inashika Wapi? Tujifunze Kusoma Ramani ya Mtandao



Usiku mmoja mama wa kikundi chetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Bwana yake akampigia mtu wa bodaboda, simu ikakataa. Ikabidi kijana apande mlima na tochi kutafuta mtandao. Mama alifika zahanati salama, tunamshukuru Mungu, lakini muda mwingi ulipotea. Kumbe ramani ya kampuni ya simu ilionyesha kwamba kijiji hicho kina mtandao! Basi, ramani ilidanganya?

Ramani hutengenezwaje

Ramani nyingi za kampuni hazitokani na mtu aliyetembea kila boma akipima. Kompyuta hupewa mahali busta ilipo, urefu wake, nguvu yake na umbo la nchi, kisha inakadiria mawimbi yatafika wapi. Mara nyingi hesabu hiyo ni ya mtu aliyesimama nje. Ukiingia ndani ya nyumba yenye paa la mabati, mawimbi hupungua.

Tena nchi yetu ni ya milima. Mawimbi ya simu hupenda kwenda moja kwa moja. Aliye juu Manga anaweza kushika busta ya mbali, na aliye bondeni nyuma ya mlima akakosa ile ya karibu.

Angalieni pia rangi za ramani. Eneo la 2G ni la kupiga simu, kutuma ujumbe na kutumia M-Pesa kwenye kabambe. Eneo la 4G ndilo la intaneti ya kasi. Na mkisikia kampuni inafikia asilimia fulani ya watu, msidhani ni asilimia hiyo ya ardhi. Watu wengi huishi karibu na miji na barabara, kwa hiyo mabonde yanaweza kubaki bila kitu na hesabu ikapendeza bado.

Tupime wenyewe

Kabla ya kununua laini ya zahanati, shule au kikundi, fanyeni hivi:

1. Tazameni ramani ya kila kampuni kwenye tovuti yake. Kisha linganisheni na nPerf au Opensignal, ambazo hukusanya vipimo kutoka simu za watumiaji. Pasipo na wapimaji, nazo hazina la kusema.
2. Azimeni laini za majirani, za Safaricom na Airtel. Pigeni simu mkiwa nyumbani, mtoni, shuleni na zahanati, ndani na nje, asubuhi na usiku.
3. Andikeni kwenye daftari: imeshika, imekatika, au imekataa. Vile vijiti vya kwenye simu huonyesha nguvu ya mawimbi tu. Siku ya soko vinaweza kujaa na intaneti isitembee, manake watu wengi wanagawana busta moja.

Kikundi chetu kilipopima hivyo, kiligundua kwamba laini moja inashika kanisani na nyingine bondeni. Sasa simu ya dharura ina laini mbili.

Romingi ni nini?

Ni kutumia laini yako kwenye mtandao wa kampuni nyingine, hasa ukiwa nchi nyingine. Wengi wetu tunakutana nayo Isebania. Busta ya upande wa Sirari ikiwa na nguvu zaidi, simu inaweza kuhamia Tanzania na wewe hujavuka mpaka! Bei nayo inaweza kubadilika. Ukifika huko zima romingi ya data, na kwenye mipangilio ya simu chagua mtandao wako mwenyewe.

Mwaka 2006 Celtel, ambayo leo ni Airtel, ilianzisha One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania ili wateja wake wasitozwe ghali wakivuka. Kuanzia 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda nazo zilikubaliana kupunguza bei za kupigiana simu. Hata hivyo, makubaliano ya kupiga simu si lazima yaguse data. Uliza bei kwanza, kisha usafiri.

Ndani ya nchi, usitegemee laini yako ihamie busta ya kampuni nyingine. Lakini ukipiga 112 wakati wa dharura, simu inaweza kupitia mtandao wowote uliopo hapo. Pasipo na mtandao wowote, hata hiyo haitoki.

Mkikosa kabisa

Pelekeni daftari lenu kwa kampuni, likiwa na majina ya vijiji na tarehe. Wasipojibu, andikieni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Iko hazina ya kupeleka huduma mahali kampuni zinaona hakuna faida, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2009. Malalamiko ya mdomo husahaulika, lakini daftari lililojaa si rahisi kulipuuza.

Na leo jioni, kila nyumba yenye mama mjamzito ijaribu kupiga simu moja kutoka chumba anacholala. Msingoje usiku wa uchungu.