Turbo kwenye pikipiki: Kwa nini injekta za ziada ni lazima

UKIFUNGA turbo kwenye pikipiki, injini hupokea hewa nyingi kuliko ile iliyoundiwa. Hicho ndicho chimbuko la nguvu zake, na pia ndicho chanzo cha kuharibika kwake.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa kwa nguvu hadi ndani ya silinda. Hewa inapoongezeka, petroli nayo sharti iongezeke. Ikipungua, joto hupanda, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni huweza kutoboka kwa muda wa sekunde chache. Injini ikikwama ghafla pikipiki ikiwa kasi, gurudumu la nyuma huweza kujifunga na kumwangusha mwendeshaji.

Kampuni ya Honda ilipoanza kuuza CX500 Turbo miaka ya themanini, kiwanda chenyewe kilikuwa kimepanga mfumo wa petroli unaolingana na turbo hiyo. Mambo ni tofauti kwa anayefunga turbo kwenye pikipiki isiyoundwa nayo, kwa mfano Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999, yenye silinda nne.

Injekta ni kifaa kidogo kinachofunguliwa kwa umeme ili kunyunyiza petroli. Injini inapozunguka mara 10,000 kwa dakika, kila silinda hukamilisha kazi yake kwa milisekunde 12 pekee. Injekta ya asili yaweza kubaki wazi muda huo wote na bado petroli isitoshe.

Mbona basi zisiwekwe injekta kubwa? Ni kwa sababu injini inaponguruma polepole, injekta kubwa mno hushindwa kupima kiasi kidogo kinachohitajika. Injini hutoa moshi mweusi, husitasita na hata kuzima. Ndiyo maana mafundi huziacha injekta za asili zifanye kazi ya kawaida, kisha huongeza kundi la pili linaloamka tu turbo inapoanza kusukuma hewa.

Ukubwa wa injekta hizo hupatikana kwa hesabu. Kwa makadirio, injini ya turbo huhitaji mililita 6.3 za petroli kwa dakika kwa kila nguvu moja ya farasi. Anayetaka nguvu 300 atahitaji mililita 1,890.

Tuseme injekta nne za asili zina uwezo wa mililita 250 kila moja. Kwa kuwa hazifai kubaki wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda, zitatoa 850 kwa jumla. Mililita 1,040 zinazosalia zitatoka kwa injekta nne za ziada, na kila moja sharti iwe na uwezo usiopungua mililita 306.

Ni bora kila silinda iwe na injekta yake ya ziada. Moja ikitumikia zote, silinda moja huweza kupata petroli nyingi huku nyingine ikikauka, na hiyo iliyokauka ndiyo itakayoungua.

Shinikizo la petroli pia halina budi kupanda pamoja na la turbo. Ikiwa petroli inasukumwa kwa kilopaskali 300 ilhali turbo inasukuma hewa upande wa pili kwa 70, nguvu inayobaki ni 230 tu. Petroli inayopita hupungua kwa takriban asilimia 12, wakati ule ule inapohitajika zaidi.

Kusawazisha hufanywa kwenye mashine ya kupimia nguvu, kihisi cha oksijeni kikiwa kimefungwa kwenye ekzosi. Fundi huanza na petroli ya kuzidi na turbo ikisukuma kidogo, kisha hupunguza petroli hatua kwa hatua. Turbo inapofanya kazi kikamilifu, hulengwa sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Anayeanza na petroli kidogo huenda asipate nafasi ya kurekebisha.

Kwa Wakenya, kuna jambo moja zaidi. Shinikizo la anga Nairobi ni takriban kilopaskali 83, na Mombasa ni 101. Turbo ikiongeza 70, injini hupata 153 jijini lakini 171 pwani, yaani zaidi ya asilimia 10.

Iwapo injekta za ziada zinaongozwa na kifaa kinachosoma shinikizo la turbo pekee, kifaa hicho hakitatambua tofauti hiyo. Pikipiki iliyosawazishwa vizuri Nairobi itafika Mombasa ikiwa na upungufu wa petroli. Kihisi kinachofaa ni kile kinachopima shinikizo lote, la anga na la turbo kwa pamoja. Hata hivyo, mchanganyiko upimwe tena pwani kabla ya mwendeshaji kuthubutu kufungua mafuta yote.