Oili Ikivuja, Usikimbilie Kukaza

Hapa Msalato, kando ya barabara iendayo Kondoa na Arusha, vumbi ni mpelelezi: huganda panapovuja oili. Dereva akiona, hushika spana na kukaza kwa nguvu zake zote. Kumbe anaongeza ubovu.

Sampu, bakuli la oili chini ya injini, mara nyingi ni bati jembamba. Bolti zikikazwa kupita kiasi bati hupinda, gaskiti hupasuka, oili ikapata njia mpya. Na pale penye aluminiamu, meno ya tundu la bolti hukatika.

Basi fanya hivi. Osha injini, ikauke, uiwashe, utazame unyevu unapoanzia. Kagua tundu lake la kupumulia. Likiziba, oili husukumwa nje. Badili gaskiti, kisha kaza kidogo kidogo, bolti ya upande huu, halafu ya ng'ambo. Bolti iliyogoma kufunguka usiivunje kwa spana yenye bomba. Itie mafuta, ungoje, uigonge polepole.

Taa ya oili ikiwaka njiani, zima mara moja, la sivyo injini itanoki. Gaskiti ni fedha kidogo. Injini ni karo ya watoto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.