Shaba na Mkaa Ulioungua

Alfajiri, katika mitaa ya Magomeni, majiko ya mkaa huwekwa barazani, na akina mama wapikao vitumbua huyapepea mpaka makaa yawe mekundu. Jua likipanda kazi imekwisha, na ndani ya jiko hubaki majivu ya kujaa viganja viwili tu. Je, mkaa ule mwingi umekwenda wapi?

Siku moja mwanafunzi wangu aliniuliza swali kubwa kuliko hilo. Alisema, "Mwalimu, mkaa ukiisha kuungua, waweza kurudishwa?" Nikamjibu upesi, "Kilichoungua kimekwisha." Darasa zima likacheka, naye akaketi kimya. Baadaye nilitambua kuwa jibu langu halikuwa la kweli. Somo hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Kwanza, yafaa tujue kwamba mkaa haupotei. Sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho kaboni. Mkaa ukiwaka, kaboni hushikana na oksijeni iliyomo hewani, zikawa kitu kimoja kisichoonekana wala kunuka, nacho huitwa hewa ya ukaa. Kilo 12 za kaboni hushika kilo 32 za oksijeni, zikatokea kilo 44 za hewa ya ukaa. Kumbe kilichotoka jikoni ni kizito kuliko mkaa uliotiwa! Hewa hiyo ndiyo ifanyayo mapovu katika soda. Na katika wilaya ya Rungwe hutoka ardhini yenyewe, ikakusanywa na kuuzwa.

Lakini ikizidi angani huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika kila sehemu milioni za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Siku hizi zimepita 420. Tena hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na kwa hiyo mvua kubwa huzidi nguvu. Wakaao karibu na bonde la Msimbazi wajua maana ya mvua kubwa, kwa kuwa Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu na kubomoa nyumba. Hatusemi kwamba mafuriko yale yaliletwa na hewa hii peke yake, maana bonde ni njia ya maji. Twasema tu kwamba joto likiongezeka, hatari nayo huongezeka.

Sasa turudi kwa swali la mwanafunzi. Je, kaboni yaweza kurudishwa? Naam, mwembe ulio uani hufanya hivyo kila siku. Majani yake hupokea hewa ya ukaa, na mizizi huleta maji. Kisha kwa nguvu ya jua mti hufanya sukari, majani na shina. Wataalamu nao walitafuta njia ya kufanya kazi kama hiyo kwa umeme.

Katika Chuo Kikuu cha Chiba, nchini Japani, Yoshio Hori na wenzake walijaribu madini mengi, moja baada ya jingine. Namna ya kufanya ni hii. Hutwaliwa chombo chenye maji yaliyotiwa chumvi ya jamii ya magadi, na hewa ya ukaa ikapulizwa ndani yake. Humo hutumbukizwa vipande viwili vya madini vilivyofungwa nyaya za umeme. Kwenye kipande kimoja maji huvunjika, oksijeni ikatoka. Kwenye cha pili hewa ya ukaa hupokea umeme, na kaboni yake ikashikana na haidrojeni itokayo katika maji.

Dhahabu na fedha hutoa monoksidi ya kaboni, yaani ile hewa ya sumu iuayo watu walalao na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Chuma hutoa haidrojeni karibu tupu. Lakini mwaka 1985 walitangaza kwamba shaba hutoa methani, na baada ya hapo wakaonyesha kwamba hutoa hata ethilini na spiriti.

Kwa nini shaba? Mfano wake ni mshenga. Mshenga akiwaacha watu wa pande mbili waondoke kabla ya kusemezana, ndoa haipatikani. Akiwang'ang'ania asiwape nafasi, haipatikani vilevile. Fedha huiachilia kaboni upesi mno, na chuma huishika mno. Shaba huishika kwa kiasi, hata ikapata nafasi ya kuungana na haidrojeni au na kaboni nyingine. Tena kama mshenga, shaba yenyewe haiwi sehemu ya ndoa. Kitu cha namna hiyo huitwa kichocheo.

Vitu vipatikanavyo vina faida. Methani ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo, iwashwayo katika mitambo ya umeme ya Ubungo. Ethilini hufanyiwa plastiki. Tena ndiyo hewa itolewayo na ndizi zinapoiva, na kwa sababu hiyo ndizi zilizovundikwa pamoja huiva upesi. Spiriti husafishia vifaa vya waganga.

Hata hivyo, msidhani kwamba kazi imekwisha. Shaba hutoa vitu vingi vilivyochanganyika, na kuvitenga ni gharama. Tena umeme mwingine huishia kufanya haidrojeni tu. Lakini neno kubwa ni hili: mkaa ulipoungua ulitupa joto, na atakaye kuirudisha kaboni hana budi kulilipa deni lile kwa umeme, tena kwa ziada. Ukiutoa umeme huo kwa kuchoma gesi, utaongeza hewa ya ukaa kuliko utakayoiondoa. Yafaa utoke katika jua, upepo, au maji, kama yale ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024.

Kwa hiyo, njia rahisi kupita zote ni kutouchoma mti usiolazimu kuchomwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Shaba itatufaa kwa hewa ile isiyozuilika.

Nilimwita yule mwanafunzi mbele ya darasa lililomcheka, nikamwambia, "Swali lako lilikuwa jema; mimi ndiye niliyekosea." Akafikiri kidogo, akauliza, "Shaba hiyo hupatikana wapi?" Nikamwambia kwamba nyingi huchimbwa Zambia na Kongo, na malori huileta mpaka bandari yetu ya Dar es Salaam, ikapakiwa melini kwenda ng'ambo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi yatupita mlangoni." Neno hilo sikuwa na la kumjibu.

MASWALI
1. Kwa nini hewa itokayo jikoni ni nzito kuliko mkaa uliochomwa?
2. Shaba yafananaje na mshenga?
3. Kwa nini haifai kuifanya kazi hii kwa umeme utokao katika gesi?